Captain America anatafuta nini nyumbani kwa Isaiah Bradley?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Baada ya kuangalia tamthilia ya The Falcon and the Winter Soldier niliitafuta komiki aliyotokea yule mzee Isaiah Bradley, Truth: Red, White & Black, nikaisoma yote, matoleo 7. Nina mambo matatu. Kwanza, ni kweli Captain America wa kwanza alikuwa mtu mweusi? Wenzangu wanabishana mpaka wananuniana. Pili, Steve Rogers mwenyewe, yaani yule Captain America tunayemjua sote, anakuja hadithi ikiwa imeshakwenda mbali, haokoi mtu, anaongea na wazee halafu kitabu kinaisha. Waliweka jina lake ili kitabu kiuzike tu? Tatu, kwa nini hadithi nzito vile imechorwa kama katuni za watoto?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umekisoma kitabu kizima kabla ya kuuliza, na hilo limenifurahisha, kwa sababu wengi wanaoniuliza habari za Isaiah Bradley wameona vipande vifupi vya video tu.

Nianze na ubishi wa wenzako, maana ndio mwepesi. Hapana, Isaiah si Captain America wa kwanza, hata ndani ya hadithi yenyewe. Fuata tarehe. Steve Rogers alibuniwa na Joe Simon na Jack Kirby, wachoraji wawili waliotoka familia za Kiyahudi, na toleo lake la kwanza liliingia mitaani Desemba 1940 likiwa na tarehe ya Machi 1941 kwenye jalada. Jalada hilo linamwonyesha akimtandika Hitler ngumi ya taya, karibu mwaka mzima kabla Wajapani hawajaishambulia Pearl Harbor na Marekani kuingia vitani. Humo ndani, mwanasayansi aliyetengeneza dawa ya kumgeuza mtu kuwa askari wa ajabu anauawa siku ileile aliyofanikiwa, na kanuni ya dawa inapotea naye. Sasa rudi kwenye kitabu ulichosoma. Pearl Harbor inashambuliwa mwanzoni, na wale wanajeshi weusi, Isaiah akiwemo, wanaanza kudungwa sindano za majaribio ya dawa hiyo baada ya hapo, 1942. Kwa hiyo Steve alishatangulia. Jeshi linaitafuta upya kanuni iliyopotea, na linawatumia watu ambao wakifa hakuna atakayeliuliza.

Ubishi ulizuka kwa sababu matoleo ya mwanzo hayakulisema jambo hili waziwazi. Kitabu kilitoka toleo kwa toleo, yakiwa na tarehe za Januari hadi Julai 2003, na wasomaji wengi walielewa kwamba weusi walijaribiwa kwanza ili mzungu apate dawa iliyo salama. Wapo waliokasirika kwa kuona historia ya shujaa wao imechafuliwa, tena wengine hawakuwa wamesoma hata ukurasa mmoja. Waambie wenzako wapatane. Isaiah alikuja baada ya Steve, na bado alivaa sare ya Captain America vitani. Hayo mawili hayagombani.

Kwa faida ya wanaotusoma bila kukijua kitabu, nisimulie kwa kifupi. Mwandishi ni Robert Morales, mwanahabari aliyewahi kuwa mhariri wa gazeti la muziki la Vibe, na mchoraji ni Kyle Baker. Hadithi inaanza New York, 1940, Isaiah na mkewe Faith wakiwa fungate, wanatembea kwenye maonyesho makubwa ya dunia katika wiki iliyotengwa kwa ajili ya watu weusi. Vita vinakuja. Isaiah anajikuta jeshini pamoja na Maurice Canfield, kijana wa familia yenye uwezo ya Philadelphia, na Luke Evans, mwanajeshi mkongwe aliyeshushwa cheo. Kutoka kambi ya Cathcart wanachukuliwa weusi 300 kwa ajili ya majaribio ya siri. Wanaonusurika majaribio ya kwanza ni 5. Familia zinaambiwa ndugu zao wamekufa vitani. Hata hao 5 wanaisha mmoja mmoja, na inapofika safari ya mwisho, ya kuivamia kambi ya Wajerumani ambako nako madaktari wanatafuta dawa kama hiyo, amebaki Isaiah peke yake. Kabla ya kuondoka anaiba sare iliyokusudiwa kuvaliwa na Captain America, anaivaa, anaenda. Anarudi hai. Jeshi linamfikisha mbele ya mahakama yake kwa kosa la kuichukua sare hiyo, linamfunga katika gereza la Leavenworth, na anatoka 1960 kwa msamaha wa Rais Eisenhower, akiwa na sharti la kutofungua mdomo.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo nilitaka kulijibu tangu niliposoma barua yako.

Katika biashara ya komiki za Marekani, mgeni ana kazi inayojulikana. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kitabu kikidorora mauzo, aliyetajika zaidi anaitwa apite humo, jina lake linaandikwa kubwa kwenye jalada, na wasomaji wake wanamfuata. Marvel, wachapishaji wa Captain America, walikuwa na mfululizo mzima wa namna hiyo kuanzia 1972 hadi 1985, ambamo Spider-Man alikutanishwa na mwenzake mpya karibu kila mwezi. Mapishi yake yanajulikana. Mashujaa wawili wanakutana, wanaelewana vibaya, wanapigana kurasa kadhaa, wanagundua adui wao ni mmoja, wanaungana, wanashinda, wanaagana. Mgeni anaondoka kama alivyokuja, bila mkwaruzo. Lazima iwe hivyo, kwa sababu ana kitabu chake mwenyewe kinachotoka mwezi huohuo, na mhariri wa kitabu hicho hataki kurudishiwa shujaa aliyevunjika mguu au aliyebadili msimamo.

Captain America ana shida ya ziada. Amevaa bendera. Akiingia tu kwenye hadithi ya mtu mwingine, anaingia na nchi nzima mgongoni. Waandishi wavivu humtumia kama mhuri: Captain America akikukubali, basi wewe ni mtu mwema. Waandishi makini humtumia kwa namna nyingine. Mwaka 1986, katika kitabu cha Daredevil, shujaa mwingine wa Marvel, kilichoandikwa na Frank Miller na kuchorwa na David Mazzucchelli, anaingia kama mgeni kwenye mtaa maskini wa New York uliochomwa na askari aliyetengenezwa na serikali yake mwenyewe, askari mwenye bendera iliyochorwa usoni. Anajiuliza maswali, anazitafuta faili, anawakabili wakubwa, na majibu anayopata hayampendezi. Kurasa zenyewe si nyingi, lakini ukizisoma utaona mbegu ya jambo ambalo Morales alilifanya miaka 17 baadaye kwa upana zaidi.

Unasema Steve hafanyi kitu. Hebu tuangalie anachofanya.

Anauliza. Matoleo ya 6 na 7 ndiyo yanayombeba, na humo silaha yake kubwa ni maswali. Anakwenda kwa Faith, ambaye sasa ni bibi, naye anasimulia. Anakwenda kwa Merritt, mwanajeshi wa zamani mbaguzi aliyekuwa sehemu ya mpango ule, ambaye sasa yuko gerezani kwa makosa mengine. Anakwenda kwa Walker Price, mwingine aliyekuwa na mkono humo na ambaye maisha hayakumwadhibu. Hao wawili hawajutii chochote cha maana. Merritt anazungumza na Captain America kwa ule uchangamfu wa mtu anayedhani anaongea na mwenzake, kwamba wewe na mimi tunaelewana, si unajua mambo ya jeshi. Hapo ndipo penye ukali wa kitabu. Hakuna fimbo mbaya zaidi ya kumpiga nayo shujaa wa taifa kuliko mbaguzi anayemwona kuwa wa upande wake. Steve hana cha kujitetea. Anachopewa ni habari, na hawezi kuirudisha.

Halafu kuna suala la kwa nini hakujua. Wasomaji wapya wanaliona kama tundu kwenye hadithi: mtu aliyekuwa moyo wa mpango mzima atakosaje kusikia? Jibu liko kwenye historia yake. Mwishoni mwa vita, 1945, Steve alizama katika bahari ya barafu akalala humo, na Avengers, kundi la mashujaa wa Marvel, walimtoa katika toleo lililochapishwa 1964. Isaiah alikuwa ameshatoka gerezani 1960. Ukiifuata kalenda ya vitabu vyenyewe, Steve alipofungua macho, mwenzake alikuwa nyumbani kwake Bronx, mji uleule, safari ya treni tu, na waliojua walikaa kimya. Barafu iliyotumika miaka yote kumfanya aonekane msafi, mtu wa zama za zamani asiyeguswa na uchafu wa miaka ya katikati, Morales ameigeuza ikawa aibu. Usafi wake umetokana na kutokuwepo. Anafika Bronx kama jamaa anayefika msibani baada ya arobaini kupita: wenyeji wameshalia, wameshanyamaza, wameshajua namna ya kuishi, na yeye ndiye anayeanza kulia.

Na hapo utaona kwamba mgeni huyu hamsaidii mwenyeji kupona kwa namna ile ya biashara. Hamwokoi Isaiah, maana hakuna tena wa kuokoa. Hawalipizii kisasi wale 300. Hapewi hata nafasi ya kuhutubia. Angehutubia, kitabu kingekufa palepale, na nadhani hata mimi ningekifunga.

Ila kuna ile picha, na hapa nataka ukifungue kitabu tena. Katika nyumba ya akina Bradley ukuta umejaa picha. Ni watu waliokuja kwa miaka mingi kumsalimu Isaiah: Malcolm X, Muhammad Ali, Alex Haley, Richard Pryor, Colin Powell, Nelson Mandela. Itazame orodha hiyo vizuri. Kuna Mwislamu wa Harlem aliyeitwa adui wa nchi, bondia aliyekataa kwenda Vietnam akapokonywa mkanda, mchekeshaji, mwandishi, jenerali aliyepanda hadi kileleni mwa jeshi lilelile, na mfungwa wa Robben Island aliyekuja kuwa rais. Watu hawa wasingekubaliana juu ya mambo kumi, lakini wote walijua njia ya kwenda Bronx. Ina maana habari ya Isaiah haikuwa siri hata kidogo. Ilikuwa siri kwa upande mmoja wa nchi tu. Upande wa pili uliijua, uliihifadhi kwa masimulizi, na ulikuja kupiga picha. Ukurasa huo hauna mlipuko wala mtu anayeruka, na ndio ninaouona kuwa na nguvu kuliko yote katika kitabu.

Kisha Steve naye anapiga picha. Isaiah, mzee sasa, amevaa mabaki ya ile sare aliyoiiba, imechanika, anatabasamu. Steve amesimama naye akiwa na sare yake nzima. Sare mbili za namna moja, moja imevaliwa kwa ruhusa na nyingine bila ruhusa, na iliyochanika ni hiyo ya pili. Mtu aliyefungwa kwa kuivaa bendera ndiye mwenyeji, na yule ambaye bendera ni kazi yake ameingia kwenye safu baada ya bondia na mchekeshaji, kama mgeni mwingine yeyote aliyekuja kutoa heshima. Kwa hiyo ukiniuliza kama jina lake liliwekwa ili kitabu kiuzike, nitakujibu kwamba wachapishaji ni wafanyabiashara, hawakosi kuliwaza hilo. Lakini kama ndilo lilikuwa lengo, walilitekeleza vibaya sana, maana anayenunua ili amwone Captain America anapewa mtu aliyekuja kuuliza habari.

Nina ugomvi wangu na kitabu hiki, na sitaki uondoke ukidhani nakisifia tu. Steve anapomfikia Isaiah, Isaiah hana tena maneno. Dawa ile na miaka ya gerezani vimeiharibu akili yake. Amekuwa kama mtoto, mpole, mwenye furaha. Watu husema Morales alikuwa anamfikiria Muhammad Ali wa uzeeni, mwili uliowahi kutikisa dunia ukiwa umenyamaza, na kama picha ina huzuni ya kweli. Lakini angalia matokeo yake. Mtu pekee mwenye haki ya kumkasirikia Captain America hawezi kukasirika. Faith anaweza, naye anasema yake, ila mwenye mwili uliodungwa sindano anatabasamu kwenye picha. Mgeni anapokelewa kwa urahisi ambao hakuulipia. Kwa kitabu kilichokataa urahisi kurasa zote zile, mwisho huo una ulaini ambao sijawahi kuumeza vizuri.

Nafikiri walioandika ile tamthilia ya 2021 waliona jambo hilohilo. Isaiah wao, aliyeigizwa na Carl Lumbly, akili yake ni nzima na ulimi wake ni mkali. Vita wamevihamishia Korea, kifungo kimekuwa cha miaka 30, na mgeni anayebisha hodi si Steve. Ni Sam Wilson, mtu mweusi aliyeachiwa ngao ya Captain America na hajui kama aichukue. Isaiah anamfukuza mara ya kwanza. Mara ya pili anamweleza kinagaubaga kwamba nchi ile haitakubali Captain America mweusi, na kwamba mweusi anayejiheshimu asingetaka kuwa huyo. Mgeni huyo analipa. Lakini nao wana ulaini wao: mwishoni Sam anampeleka mzee kwenye jumba la makumbusho akaone sanamu yake, muziki unapanda, mambo yanaisha. Kati ya sanamu ya serikali na ukuta wa picha za watu waliokuja wenyewe, mimi ninauchagua ukuta.

Swali la tatu, la michoro. Si wewe wa kwanza. Kitabu kilipotoka, malalamiko juu ya michoro yalishindana na yale ya rangi ya Isaiah. Kyle Baker ni mtu wa vichekesho. Anachora macho makubwa, taya pana, mikono iliyovimba, mstari mnene unaocheza. Wasomaji wa Captain America walizoea misuli iliyopigwa kivuli kwa ustadi na sura za watu wa kwenye sanamu. Sasa jiulize hadithi hii ingekuwaje kwa michoro hiyo ya sanamu. Wale 300 wangekuwa wazuri wa kuangalia hata wanapokufa. Dawa ile inavimbisha miili mpaka mingine inapasuka, na mchoraji wa mashujaa angeugeuza uvimbe huo kuwa misuli ya kupendeza, kwa sababu ndivyo mkono wake ulivyofundishwa. Mkono wa Baker unaufanya uonekane kama ugonjwa. Mwili wa askari wa ajabu, ule unaotamaniwa katika kila kitabu kingine cha aina hii, humu unatia kichefuchefu. Na kwa kuwa anaanza na kicheko, wapenzi wawili fungate, vijana wanaotaniana kambini, unakuwa umeshawapenda kabla hujajua ni kitabu cha namna gani. Baadaye, 2005, Baker alianza kuchapisha mwenyewe kitabu juu ya Nat Turner, mtumwa aliyeongoza uasi Virginia mwaka 1831, karibu bila maneno, na hapo hakuna aliyemwambia anachora za watoto.

Kuna jambo hukuliuliza ila ninalisikia nyuma ya maswali yako: je, haya yaliwahi kutokea? Isaiah ni wa kubuni. Uzito wake si wa kubuni. Kuanzia 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 600 katika Kaunti ya Macon, Alabama, karibu na chuo cha Tuskegee. Kati yao 399 walikuwa na kaswende na 201 hawakuwa nayo. Wagonjwa hawakuambiwa ugonjwa wao wala hawakutibiwa, hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida katika miaka ya 1940. Walitazamwa tu, kuona ugonjwa utawafanya nini. Utafiti ulikoma 1972 baada ya magazeti kuuanika, na Rais Clinton aliomba radhi 1997, miaka michache tu kabla Morales hajakaa kuandika. Jeshi nalo lilikuwa na vikosi vya weusi na vikosi vya wazungu muda wote wa vita, hadi Rais Truman alipotoa amri ya kufuta utengano huo Julai 1948. Na mwaka 2015, zaidi ya miaka 10 baada ya kitabu kutoka, wanahabari wa Marekani walianika kwamba wakati wa vita hivyohivyo jeshi liliwajaribu kwa gesi ya haradali wanajeshi weusi, wa Puerto Rico na wenye asili ya Japani, kwa makundi ya rangi zao, ili kuona kama ngozi zao zinaungua tofauti. Morales hakuhitaji kubuni sana.

Hata ngao ya Isaiah ina historia yake. Ile alama ya V mbili uliyoiona si urembo. Januari 1942 kijana mweusi wa Kansas, James G. Thompson, aliliandikia gazeti la weusi la Pittsburgh Courier akiuliza kama ni haki kutakiwa afe kwa ajili ya nchi inayomfanya nusu raia. Alipendekeza V ya ushindi, yaani victory kwa Kiingereza, iwe mbili, moja ya kumshinda adui wa nje na nyingine ya kuushinda ubaguzi wa ndani. Gazeti likaifanya kampeni. Kwa hiyo Isaiah anapokwenda Ujerumani na ngao hiyo, hajaiga uzalendo wa Steve. Amekwenda na wake, wenye masharti, uliokuwa ukibishaniwa wakati huohuo kwenye magazeti ya watu wake. Ukilijua hilo, hata ziara ya Steve unaisoma upya. Yeye ana V moja.

Niweke pembeni neno moja linalotuhusu sisi wa pwani. Watu wengi hushangaa kusikia habari za mtu mweusi katika Ujerumani ya Hitler, kana kwamba Isaiah alikuwa wa kwanza kufika huko. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam 1904, alitumika kama askari mtoto upande wa Wajerumani katika vita vya kwanza, akahamia Berlin, akawa anafundisha Kiswahili chuoni na kuigiza katika filamu za kusifia ukoloni. Alikamatwa 1941 kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akafia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Huyo hakuwa wa kubuni, na sijasikia kwamba amepata komiki yake. Wewe uko chuoni, una marafiki wanaochora.

Ukitaka kuendelea baada ya hapa, usikimbilie Young Avengers ya 2005 ingawa ndiyo yenye mjukuu wake, Elijah, na ndiyo maarufu. Anza na The Crew ya 2003, iliyoandikwa na Christopher Priest, matoleo 7 tu, yenye mtoto wa Isaiah aitwaye Josiah. Halafu tafuta toleo la 18 la Black Panther la 2006, harusi ya T'Challa, ambaye ndiye Black Panther, na shujaa mwenzake Storm. Humo Isaiah mwenyewe ndiye mgeni, kwa kurasa chache mno, na mashujaa weusi wa Marvel, Luke Cage akiwemo, wanababaika mbele yake kama mashabiki. Lisome toleo hilo mara tu baada ya The Crew, ukiwa bado unayakumbuka matoleo ya 6 na 7.